Kitunguu ni Kitunguu

Daktari alikitazama kipimo, akamtazama bibi, kisha akakitazama kipimo tena kama mtu anayehofia kwamba ameshika cheti cha mgonjwa mwingine. Dawa aliyopewa bibi kazi yake ilikuwa kuizuia damu isigande, na mtu anayeimeza vizuri kipimo chake hufika mbili, au huvuka kidogo. Cha bibi hakikufika hata moja na nusu. Tena hii haikuwa mara ya kwanza; kila alipokuja, kilikuwa kinashuka badala ya kupanda.

"Bibi, dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila jioni baada ya chakula, kama mlivyoniambia."

Daktari hakubisha. Alimgeukia mwanamume aliyesimama nyuma ya kiti cha bibi, ambaye alikuwa mwanawe wa pekee, akazungumza naye kwa sauti ya chini, kana kwamba bibi ametoka chumbani. Wazee wengine, alisema, wanachoka na dawa. Wanabana kidonge chini ya ulimi, mtu akigeuka wanakitema. Si kwa ubaya. Ingefaa mtu wa nyumbani awe anahakikisha. Yeye ataongeza dozi kidogo, ila kumwongezea dozi mtu asiyemeza ni kujisumbua bure.

Bibi alisikia kila neno. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Ugonjwa ulikuwa kwenye mguu wa kushoto, ambako damu iliganda mwanzoni mwa mwaka na kuuvimbisha mguu mpaka kiatu kikakataa kuingia. Alikuwa ameshona sare kiwandani mpaka akastaafu, na hakuwahi kurudishiwa hata suruali moja kwa mshono mbovu. Sasa alikuwa anasemwa mbele ya macho yake kama mtoto anayemwaga uji nyuma ya mlango. Alifunga vifungo vya sweta, akachukua mkoba wake, akasimama bila kusubiri mkono wa mtu.

Mwanawe alikuwa fundi wa majokofu. Karakana yake ilijaa majokofu yasiyo na milango na milango isiyo na majokofu, na miaka aliyokaa humo ilikuwa imempa imani moja: mteja husema lake, lakini saa ya kupimia gesi husema kweli. Mteja atakuapia kwamba jokofu halijaangushwa wala kuchokonolewa barafu kwa kisu. Unafunga saa kwenye bomba, mshale unalala, na hapo unajua kuna tundu mahali. Kipimo hakidanganyi, alizoea kusema, na wateja walizoea kukasirika. Njiani kurudi nyumbani alimshika mama yake mkono kuvuka barabara, kwa upole kama siku zote. Lakini maneno yale yalikuwa yanazunguka kichwani mwake, na bibi, ambaye ndiye aliyemzaa, aliyasikia hata bila kutamkwa.

Nyumbani mkewe fundi alikuwa anaosha vitunguu vya majani. Huyu alikuwa msusi; alikuwa na kibanda chake cha saluni mwisho wa mtaa, chenye viti viwili, kioo kimoja na redio isiyozimwa. Bibi alipotoka hospitali mara ya kwanza, wote waliambiwa jambo moja kuhusu chakula: mboga za majani apunguze, kwa sababu zinapigana na dawa. Mhudumu alitaja mchicha, alitaja kabichi na spinachi. Msusi aliyapokea maneno hayo kama sheria. Tangu siku ile mchicha haukuvuka mlango wa nyumba ile.

Lakini jambo hilo lilimkosesha raha. Mtu mzima ametoka kulazwa, amekonda mabega, halafu anyimwe mboga. Nguvu azitoe wapi? Ndipo siku moja, akiwa katikati ya kichwa cha mteja, akamsikia redioni mtaalamu wa lishe akilinganisha vitunguu. Mtaalamu alianza na chekundu, akasema rangi ile si urembo tu, ina viini vinavyoulinda mwili. Cheupe ni laini zaidi mdomoni, ila kwa viini hivyo kiko nyuma. Cha njano kiko katikati. Kisha akafika kwenye kitunguu cha majani na sauti yake ikachangamka. Wengi wetu, alisema, tunakata majani tunatupa, na hapo tunatupa mali, kwa sababu kwa vitamini majani yale yanaviacha vitunguu vingine vyote mbali.

Saluni ikaingia kwenye mabishano. Muuza viatu vya mitumba, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, alishikilia kwamba chekundu ndicho kinachoongeza damu na hakuna redio ya kumbadilisha. Mwenzake aliyekuwa anasubiri zamu akasema yeye anachokijua ni kwamba vyote vinaliza. Msusi hakuingia kwenye ubishi. Alikuwa ameshapata alichokuwa anakitafuta. Mchicha umekatazwa, kabichi imekatazwa, lakini kitunguu hakuna aliyekikataza. Kitunguu si mboga, ni kiungo. Kitunguu ni kitunguu.

Basi kila siku alipitia sokoni, akachagua mafungu ambayo bado yana maji. Aliyakata majani membamba kama nyuzi, akayatia kwenye mayai ya asubuhi, akayatia kwenye supu baada ya kuiepua ili vitamini zisikimbie, na juu ya wali aliyamwaga mabichi mpaka wali ukafichika. Bibi hakuwa mtu wa kusifu. Katika miaka yote ya kuishi na mkwe wake alikuwa amemsifia usafi wa sufuria tu. Lakini siku moja alifuta sahani kwa kipande cha mkate, akasema, bila kumtazama mtu, kwamba hiki chakula cha siku hizi ni kitamu. Msusi alijifanya hakusikia, na kesho yake akazidisha majani.

Jioni ile waliyotoka kliniki, baada ya kula, fundi alikwenda mwenyewe kuleta kidonge. Alikiweka katika kiganja cha mama yake, akampa maji, akasubiri. Bibi akameza.

"Mama," fundi alisema, "hebu fungua mdomo."

Msusi alikuwa anakusanya sahani; akaacha. Bibi alimtazama mwanawe kwa muda, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurudisha neno lake. Fundi hakulirudisha. Aliwasha tochi ya simu, ile anayomulikia nyuma ya majokofu, akasubiri. Bibi akafungua mdomo.

"Inua ulimi."

Akainua ulimi. Palikuwa na meno yaliyobaki, na pengo, na ulimi wenyewe ukitetemeka kidogo. Kidonge hakikuwapo. Mjukuu, aliyekuwa bado hajaanza hata shule, alidhani ni mchezo. Akaja mbio akasimama magotini pa baba yake, akapanua mdomo wake mpaka macho yakafumba, akiomba na yeye aangaliwe. Fundi akammulika na yeye haraka haraka ili amalize. Mtoto peke yake ndiye aliyecheka.

Ikawa ndiyo desturi ya kila jioni. Baada ya siku chache bibi hakusubiri kuambiwa. Alimeza, akafungua mdomo, akainua ulimi, macho yakiwa ukutani, kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa mlinzi wa geti. Kisha alikwenda chumbani kwake. Akaacha mazungumzo na mwanawe. Akiwa na shida alimwambia msusi, na msusi akampelekea mumewe. Msusi alijaribu kumweleza fundi kwamba anamvunjia mama heshima. Fundi alijibu kwamba heshima haizuii damu kuganda, na kwamba angependa kuwa na mama aliyekasirika kuliko kutokuwa na mama kabisa.

Lililomsumbua fundi ni kwamba mdomo ulikuwa mtupu kila siku, na bado kipimo kilichofuata kilishuka. Kama anameza, kidonge kinakwenda wapi? Akaanza kuwaza mambo ambayo kwa mteja angeyawaza bila aibu. Pengine anakwenda kutapika. Pengine ana njia ya kukibana shavuni. Asubuhi moja, bibi alipoingia kuoga, fundi aliingia chumbani kwake, akainua godoro, akapapasa chini yake, akapekua mifuko ya sweta, akafungua kopo la vifungo na kuvimwaga kitandani. Alipata peremende na kitambulisho cha zamani cha kiwandani, chenye picha ya mwanamke kijana asiyetabasamu.

Mlango ulifunguka. Bibi alisimama hapo, khanga kifuani, maji yakimtiririka shingoni, akamwona mwanawe mkono ukiwa tena chini ya godoro.

"Unatafuta nini?"

"Nilikuwa natandika."

Bibi aliingia, akaketi pembeni ya kitanda, akaanza kurudisha vifungo koponi, kimoja kimoja. Fundi alisimama, hajui atoke au asaidie.

"Mwanangu," bibi alisema mwishowe, "siku nikitaka kufa sitajificha. Nitakuambia. Sasa nipishe nivae."

Siku ile fundi hakufanya kazi ya maana. Alifungua jokofu la mteja akalifunga bila kujua alichotaka kuona. Mchana alipata wazo jingine, akalishika kwa mikono miwili kwa sababu lilimtoa mama yake kwenye lawama: huenda vidonge ni feki. Alikwenda duka la dawa la mbali, kubwa, lenye kiyoyozi na mlinzi mlangoni, akanunua vingine kwa bei ya kuumiza. Aliporudi alimweleza bibi habari hiyo kwa furaha kidogo. Bibi alisema ahsante. Jioni, kidonge kipya kilipoingia, bibi alifungua mdomo kama kawaida, na fundi, badala ya kusema basi imetosha, akawasha tochi.

Vidonge vipya havikubadilisha kitu. Mguu ulivimba tena.

Uliuma kwanza nyuma ya goti, kisha ukawa wa moto na mzito, na bibi, aliyekuwa na mazoea ya kunyamazia maumivu, alimwita msusi jikoni akamwambia kwamba huu mguu umerudiwa na mgeni wake. Walimpeleka hospitali akiwa amelazwa kiti cha nyuma cha gari la jirani. Mashine ilionyesha kwamba donge la damu la mwanzo limekua. Bahati ilikuwa kwamba halijahama. Likihama likapanda kifuani, daktari alisema, hapo hatutakuwa na muda wa kuzungumza kama tunavyozungumza sasa. Akaandikiwa sindano za tumboni na kitanda cha wodini, karibu na dirisha linalotazama mahali pa kuoshea vyombo.

Daktari alimwita fundi kando. Kesho yake angepandisha dozi ya vidonge tena, safari hii kwa kiasi kikubwa. Kama hapo napo itashindikana, ipo dawa ya aina nyingine isiyohitaji vipimo kila mara, ila hiyo mgonjwa hununua mwenyewe, kila mwezi, na bei yake si ya kutania. Fundi aliuliza bei. Alipoambiwa, aliitikia kwa kichwa kama anayekubali bei ya kawaida, akatoka nje, akasimama karibu na ukuta akiwaza ni nani mtaani anayeweza kununua pampu yake ya kunyonyea hewa, ambayo bila hiyo fundi jokofu ni mtu tu mwenye bisibisi.

Msusi alifika na chakula saa ya kuona wagonjwa. Alikuwa amefunga saluni mapema na kupika kwa moyo wote, kama mtu anayetaka kumpigania mgonjwa kwa sufuria. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua bakuli pale alipopita mtaalamu wa lishe wa hospitali, mama mfupi mwenye viatu vya raba, anayezungukia wodi kuona wagonjwa wanakula nini. Alisalimia, akauliza hali, akachungulia bakulini. Wali haukuonekana. Palikuwa na kijani tupu.

"Hii ni nini?"

"Wali," msusi alisema. "Juu ni vitunguu tu."

"Majani ya vitunguu. Na huyu bibi yuko kwenye vidonge vya kuzuia damu kuganda?"

Fundi, aliyekuwa amerudi ndani, alisema ndiyo. Yule mama alivuta kiti, akaketi, na fundi na mkewe wakaelewa kwamba hakuketi kwa sababu ya kuchoka. Aliuliza taratibu. Anakula haya mara ngapi? Msusi akajibu kwamba ni kila siku, asubuhi kwenye mayai, mchana na jioni. Tangu lini? Tangu alipotoka kulazwa, au muda mfupi baadaye. Kiasi gani? Msusi akaonyesha kwa mkono, fungu zima lililojaa kiganja. Akasema haraka kwamba mchicha hampi, kabichi hampi, wala spinachi. Walikatazwa na wamefuata. Hiki ni kitunguu.

Mtaalamu hakumkaripia. Alieleza kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi, na mara nyingi alikuwa amechelewa, na leo hakuchelewa. Kitunguu chenyewe, kile cha mviringo, kiwe chekundu, cheupe au cha njano, kwa dawa hii hakina neno. Vitamini inayosaidia damu kuganda karibu hakina kabisa, na bibi anaweza kukila kila siku mpaka achoke. Lakini yale majani yake ni jambo jingine. Yale ni mboga ya majani, ndugu wa mchicha, na vitamini ile imejaa humo. Redio haikudanganya, kwa mtu mzima wa afya ni chakula kizuri mno. Kwa bibi, kila fungu lilikuwa linakwenda kubomoa kazi ya kidonge.

"Dawa inavuta huku," alisema, "majani yanavuta kule. Na mlivyokuwa mnamwekea, majani yalikuwa yanashinda."

Bibi alikuwa amelala, ameufumbia macho mguu wake na wodi nzima. Sasa aliyafungua.

"Kwa hiyo nilikuwa nameza."

"Ulikuwa unameza, bibi. Kipimo kingeshuka hata ungemeza mbele ya daktari."

"Samahani mama, hilo la mwanzo lirudie. Kuna mtu hasikii vizuri."

Mtaalamu alimtazama bibi, akamtazama fundi, akaelewa kwamba ameingia kwenye jambo lililoanza kabla yake. "Ulikuwa unameza," alirudia, kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha pili.

Bibi akacheka. Halikuwa jambo la kuchekesha, na donge bado lilikuwa mguuni, lakini kicheko kilimtoka kifuani kikawa kinaitikisa shuka. Wagonjwa wa jirani waligeuka. Fundi yeye hakucheka. Kwa mazoea yake ya kutafuta tundu, alimgeukia mkewe na kumtazama, na mkewe aliyasoma macho yale kama alivyoogopa atayasoma.

"Usimwangalie hivyo," bibi alisema, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Yeye alinilisha. Wewe ulinimulika mdomo."

Msusi aliweka bakuli juu ya kabati dogo, akatoka.

Fundi alibaki amesimama. Mtaalamu alikwenda kumtafuta daktari, akisema ni lazima amwone kabla dozi haijapandishwa. Bibi alijipangia mto, akamwambia mwanawe, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akimwagiza yeye mwenyewe na si kwa kupitia kwa mtu, aende akamlete mke wake, na akifika huko asiseme neno.

Alimkuta pale pa kuoshea vyombo, bomba likiwa wazi na mikono yake ikiwa chini ya maji bila kuosha kitu. Msusi hakugeuka. Alisema kwamba angemuua. Kwamba alikuwa anapita sokoni kila siku kumtafutia mama mkwe wake kifo, tena anachagua kile kibichi zaidi. Fundi alifunga bomba. Aliagizwa asiseme neno, na alijitahidi, lakini hakuweza.

"Mtaalamu amesema ni chakula kizuri. Wewe ulikosea aina ya kitunguu," alisema. "Mimi nilikosea aina ya mama. Kipimo kilikuwa sawa, na mama alikuwa sawa. Aliyesoma vibaya ni mimi. Twende, anakuita."

Walirudi wakiwa wameshikana mikono, jambo ambalo hawakuwa na kawaida ya kulifanya mbele za watu. Bibi alimwambia mkwe wake akae kitandani, kwamba ana njaa, na kwamba wali unapoa. Msusi alichukua kijiko akaanza kuengua majani, moja moja, akiyapanga kwenye kifuniko kama anayetoa chawa. Bibi alivumilia kwa muda.

"Mwanangu, acha mawili matatu," alisema. "Ni matamu."

Msusi akacheka huku kamasi zikimtoka, akaacha mawili matatu.

Daktari alipofika alikuwa ameshaelezwa. Alisimama mbele ya kitanda akikwaruza kidevu kwa kalamu, akakiri kwamba alikuwa ameuliza dawa tu na chakula hakukigusa. Dozi hapandishi tena, alisema. Angeipandisha, halafu majani yakakoma siku moja, damu ingekuwa nyepesi kupita kiasi na bibi angeweza kuvuja damu bila kukoma. Badala yake alimrudisha kwenye dozi ya mwanzo, sindano ziendelee mpaka vidonge vishike kazi. Kisha, kabla hajaondoka, aliinama kidogo akamwambia bibi kwamba walimdhania vibaya, amsamehe. Bibi alimjibu kwamba yameisha, na kwamba yeye ni kijana mwenye wagonjwa wengi. Fundi aliyasikia yote mawili, ombi na jibu, na aliona jinsi jambo hilo lilivyo jepesi kwa mtu mwingine.

Yeye hakulimudu wodini. Hakulimudu siku bibi aliporuhusiwa, wala nyumbani, ambako jioni ya kwanza alimpelekea kidonge na maji, akageuka akatoka chumbani kabla bibi hajameza, kwa haraka kama anayekimbia moto. Bibi alimeza peke yake, akatikisa kichwa. Alikuwa anamjua. Tangu utotoni mtoto huyu akivunja kikombe alinunua kingine, lakini neno samahani lilikuwa halimtoki.

Msusi kwa upande wake aliendelea na vitunguu. Mtaalamu wa lishe alimkalisha akamweleza vizuri: hajakatazwa kumpa majani, ila yawe kidogo, na kiasi kile kile kila siku, kusiwe na siku ya sherehe na siku ya njaa. Supu sasa ilikolea vitunguu vyekundu vilivyokaangwa taratibu, na majani yalikuwa kijiko kimoja, kilichosawazishwa kwa kisu. Saluni nayo ilipata somo. Muuza viatu vya mitumba alipoelezwa kisa chote, alisema si alisema yeye kwamba chekundu ndicho chenyewe, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumpinga.

Siku ya kipimo, fundi alifunga karakana akampeleka mama yake kliniki. Mguu ulikuwa umenywea. Kiatu kiliingia bila ugomvi. Alitolewa damu, wakaambiwa wasubiri kwenye benchi. Watu walikuwa wengi, na kila mlango ulipofunguka wote waliinua vichwa kwa pamoja. Fundi alikuwa anayapapasa magoti ya suruali yake yenye madoa ya grisi.

"Mama," alisema, akiyatazama madoa. "Nilikufanya mwongo."

Bibi hakumsaidia. Alisubiri.

"Nilipekua godoro lako. Naomba unisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile wodini," bibi alisema. "Nilikuwa nasubiri tu uombe, nisije nikakupa kitu hujakiomba, ukakitupa."

Fundi alifuta uso kwa mkono wa shati, na mzee mmoja aliyekaa pembeni akajisogeza kidogo kumpa nafasi. Mlango ukafunguka. Safari hii aliyeitwa ni bibi, na daktari hakukitazama kipimo mara mbili. Kilikuwa mbili na nusu. Aende nyumbani, ale, ameze, arudi siku nyingine.

Nje, fundi alitaka wachukue njia ya mkato kwenda nyumbani apumzike. Bibi alikataa. Alisema wapitie saluni kwanza, kwa sababu kuna mtu tangu asubuhi anasuka vichwa vya watu vibaya kwa wasiwasi.

Msusi aliwaona kwenye kioo kabla hawajafika mlangoni. Mikono yake ilibaki katikati ya kichwa cha mteja.

"Mbili na nusu," bibi alisema.

Msusi alikalia kile kiti cha pili kwa nguvu, akafunika uso kwa mikono yenye mafuta. Mteja, nusu ya kichwa ikiwa wazi, aliuliza mbili na nusu ya nini, na fundi, ambaye si mtu wa kueleza habari zake kwa wageni, akaanza kumweleza. Alieleza tangu mwanzo, na pale pa tochi hakuparuka. Alikuwa bado anaeleza pale bibi alipomgusa mkwe wake begani, akamwambia ainuke kwenye kiti hicho, kwamba yeye amesimama muda mrefu na kwamba kichwa chake hakijaguswa tangu alipoanza kuumwa.

"Ukimaliza na huyu, nisuke na mimi," alisema. "Leo sina haraka."